Miguu Yangu Kwenye Kanda ya Hadija

Nyinyi mtakaosoma haya, wengi wenu mna kamera mfukoni, na mnapiga picha sahani ya wali kabla hamjasema bismillahi. Sawa. Sijaja kuwagombeza kwa hilo. Lakini mkae vizuri mnisikilize. Nimepiga video za harusi za wanawake tangu Mtwara mjini mpaka Mikindani na Msimbati, miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na mwaka huu nilikaribia kuaibika kwa kanda moja tu. Sikuaibika. Ndiyo maana nina nguvu ya kuandika. Ningeaibika, sasa hivi ningekuwa nimelala nimeugeukia ukuta.

Naandika kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la nne. Mjukuu wangu Rukia atachapa, na ameahidi hatanyoosha maneno yangu. Nimemwambia akinyoosha nitajua.

Marehemu mume wangu alikuwa na studio ya picha karibu na soko. Chumba kimoja, pazia la bluu, kiti cha kukalia wanaokuja kupiga picha, na chano cha kukaushia picha ambacho mimi nilikiazima mara kwa mara kuanikia dagaa. Ikaja siku akapata kamera ya video, dude kubwa la kubeba begani kama kuni. Watu wa harusi wakaanza kumwita. Na hapo hapo tatizo likajitokeza, maana harusi ya kwetu ina pande mbili. Upande wa wanaume kuna masheikh, kanzu na sinia za pilau, na mambo yamekwisha. Upande wa ndani ndiko kuna harusi yenyewe, na huko mwanaume haingii, awe na kamera au asiwe nayo. Akina mama wakawa wanamwambia: baba, video yako nzuri, lakini umetupigia watu wanaokula.

Siku moja akasimama kwenye mlango wa jikoni akaniangalia. Nilikuwa nakuna nazi.

"Mama Hamisi, njoo ushike hii."

Nikamwambia mikono yangu ina nazi.

"Nawa," akasema, "kisha ushike."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mafunzo yangu yalikuwa ya asubuhi moja. Bonyeza kitufe chekundu, inaanza. Bonyeza tena, inasimama. Kabla ya kupiga chochote, elekeza kamera kwenye kitambaa cheupe ili ijue weupe ni upi, la sivyo bibi harusi atatoka wa kijani kama ana homa. Ukitaka picha isitikisike, toa pumzi kwanza ndipo ubonyeze. Kamera ukiipeleka pwani, ifunge kwenye kanga, kisha kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu mchanga wa Msimbati unaingia hata kwenye meno ya mtu aliyefunga mdomo. Mambo hayo yote nimeyafuata mpaka naacha kazi, isipokuwa lile la kitufe. Nitalirudia.

Kazi nyingine nilifundishwa na Bi Sharifa, kungwi wa Mikindani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuza mbuzi. Harusi yoyote ambayo mwali alifundwa na yeye, alikuwa anatangulia kuja kwangu na kuziba kioo cha kamera kwa kiganja chake. Akishaziba ndipo anasema. Kinachochezwa na wanawake mbele ya wanawake kinabaki kwa wanawake. Mwanamke akija kabla ya kuondoka akasema nifute, nafuta yeye akiwa anaona, simuulizi kwa nini. Na kanda ikishatoka mle ndani, isishikwe na mwanaume, hata mume wangu mwenye kamera.

Sasa fikirini wenyewe. Kamera ni ya mume wangu, kanda haruhusiwi kuiona. Ikabidi mimi nijifunze na kuunganisha. Alinifundisha kwa kanda za wanaume: deki mbili, moja inacheza, nyingine inarekodi, unasikiliza kishindo cha kitufe, unakata, unaendelea. Kusafisha hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti, taratibu, kama unasafisha sikio la mtoto. Halafu kanda za ndani nazifanya peke yangu, mlango nimefunga, yeye yuko nje anauliza, "Huyo anayepiga vigelegele ni dada yangu?" Namwambia aende akauze picha.

Kila harusi ilikuwa na kanda mbili. Nakala inakwenda kwa wenye harusi, na kanda mama inabaki kwangu, kwa sababu deki za majumbani zilikuwa zinatafuna kanda na watu wanarudi wakilia. Kanda mama za wanawake nilizifunga kipande cha kanga iliyochakaa. Sikuandika jina la mtu juu yake, maana jina kila mtu anasoma. Kitambaa kilitosha, kila harusi na kanga yake. Mume wangu mpaka anaingia kaburini hakugusa kanda yenye kitambaa. Zilikaa kwenye sanduku la bati, ndani nimeweka makopo ya mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Hewa ya chumvi haina huruma na kanda.

Nirudi kwenye kitufe. Bonyeza inaanza, bonyeza tena inasimama. Jambo rahisi, na mimi nililikosea mpaka nazeeka. Nikidhani nimesimamisha, nimeanzisha. Kwa hiyo kuna harusi ambazo bibi harusi hayupo akiingia, lakini mimi nipo, nimekaa mkekani, kamera imelala pembeni inarekodi miguu yangu wakati nakula. Bi Sharifa alipoona kanda ya kwanza ya namna hiyo aliniita mbele ya watu.

"Zainabu. Tumekuita utupigie mwali. Umetupigia visigino."

Jina la Mama Visigino likanikaa Mikindani nzima. Watoto wa wakati ule ni watu wazima sasa, wana ndevu, na wengine bado wananisalimia hivyo.

Mama mmoja wa Msimbati lazima nimweleze vizuri, maana yeye ndiye shina la habari hii. Tulimwita Mama Hadija. Alikuwa Mmakonde wa bara, wa kule juu Newala, aliyeolewa pwani. Usoni alikuwa na nembo, zile chale walizochanjwa wasichana wa zamani, mistari inayokwenda pembe kwa pembe kwenye mashavu na kwenye paji la uso. Kwao ilikuwa sifa. Aliposhuka pwani, na zaidi alipokuja mjini kuuza samaki, watoto walimcheka, na watu wazima wakawaacha watoto wacheke. Akaanza kujifunika kanga mpaka machoni. Mbele ya wageni hakuifunua. Mume wangu aliwahi kumpiga picha studioni na Hadija akiwa mchanga. Picha ilipotoka ilikuwa na mtoto, kanga, na sikio.

Hadija alipoolewa, aliyepiga video ya ndani nilikuwa mimi. Jenereta iko nyuma ya nyumba, taa yangu kubwa inayeyusha poda za watu, Bi Sharifa kafunga mlango. Ngoma ikakolea. Mama Hadija akatoka katikati, akaitupa ile kanga, akacheza sindimba ya kwao sawasawa, akanisogelea mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Nipige, Mama Hamisi," akasema. "Leo nipige."

Nikampiga. Aliporudi jikoni nikabonyeza kitufe nikakaa kula. Mwaka ule haukuisha, Mama Hadija akafariki.

Mwaka huu Hadija akaja kwangu. Naye sasa ni mama mtu mzima, binti yake anaolewa. Nakala yao ilishaharibika, watoto waliuvuta utepe wake wakachezea. Alikaa mkekani, akahangaika na upindo wa mtandio, akasema taratibu.

"Mama Hamisi, mwanangu hajawahi kumwona bibi yake. Na mimi nimeanza kumpoteza. Nikifumba macho naona kanga."

Nilifungua sanduku nikijua la kusema. Nilikuwa nitamwambia, ona, kazi yangu hii, nimeitunza. Kanda nikaikuta, kitambaa kipo, na koga jeupe limeota juu ya utepe kama kwenye mkate. Nikasafisha, nikaweka kwenye deki yangu ya zamani ambayo bado inapumua. Zikaja chenga. Mistari. Rangi imekuwa kama chai ya maziwa. Ngoma inasikika, watu hawaonekani, uso unakuja unapotea. Hadija alikunja mtandio wake akaniaga kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyoniuma.

Hapo ndipo anapoingia Rukia. Huyu ni mtoto wa mwanangu Hamisi anayefanya kazi bandarini. Rukia yuko chuo kikuu Dar es Salaam, anasoma mambo ya kompyuta, na ndani ya hayo amechagua kuchakata picha na video, na kuchora kwa kompyuta. Alipotuambia mara ya kwanza nilimuuliza miaka yote hiyo ya nini, wakati babu yake alinifundisha picha asubuhi moja.

"Mke mwenzangu," akanijibu, maana ndivyo anavyoniita kwa ajili ya babu yake, "yeye alikufundisha kubonyeza, na hata hilo hujahitimu."

Kisha akanieleza, na alinieleza vizuri. Akagusa mkeka tuliokalia. Akasema picha kwenye kompyuta ni mkeka: vijiraba vidogo vidogo, kila kimoja kina rangi yake, na rangi yenyewe imeandikwa kwa namba. Video ni mikeka mingi inayopita haraka mbele ya macho. Wanachosoma wao ni hesabu za hiyo mikeka. Mahali pametoboka, unatazama mkeka uliotangulia na unaofuata, unajua pale palikuwa na ukindu wa rangi gani, unapaziba. Rangi imepauka, unatafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe, unavuta zingine zote kutokea hapo. Nikamwambia basi kile kitambaa changu cheupe kinafaa. Akasema kinafaa sana, na walimu wake wangefurahi kujua kuna mtu Mtwara alikuwa anakipiga mwanzoni mwa kila kanda. Nikajikuta natabasamu. Tabasamu lenyewe nililificha.

Kwa hiyo nilimpa kanda ya Hadija. Alikuwa anatafuta video iliyoharibika ya kufanyia kazi yake ya mwisho chuoni, na mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniondolea mzigo. Kabla sijaiachia nilishika kile kitambaa cha kanga kilichoifunga.

"Unajua maana yake?"

"Najua, Bibi."

"Mwanaume asione. Hata mwalimu wako."

"Najua."

Akapanda basi. Nikatulia. Nilidhani nimetulia.

Zikapita wiki. Tukiwa tunakula, Hamisi akaanza kutamba kuhusu mwanawe. Kazi ya Rukia imechaguliwa kuonyeshwa ukumbini, kwa projekta, ukuta mzima, walimu wote watakuwepo na wageni pia. Nikamuuliza kazi ipi. Akasema, "Si ile ile kanda yako ya Msimbati, mama!" Akaendelea kutafuna.

Tonge langu nikalirudisha kwenye sahani. Nilimpigia Rukia, simu imezimwa. Nikapiga tena na tena. Mkamwana wangu akaniuliza kama naumwa, nikasema joto. Nilikuwa namwona Mama Hadija, mwanamke aliyejifunika maisha yake yote, uso wake umekuwa mkubwa kama ukuta, wanaume wenye miwani wanautazama wakiwa wameshika kalamu. Nikafikiria nitamwambia nini Hadija. Mjukuu wangu hakuiba, nilimpa mwenyewe. Nikamfikiria na Bi Sharifa, marehemu, kiganja chake juu ya kioo. Nikaosha vyombo. Vilikuwa vimeshaoshwa.

Kesho yake nachambua mchele, simu ikalia.

"Shikamoo Bibi. Nijibu haraka, nipo ukumbini, wananisubiri. Yule kuku alikuwa rangi gani?"

Nikasema, "Kuku gani?"

"Kuku wa Msimbati. Anayedonoa wali karibu na miguu yako."

Akadhani simu imekatika, akaita, Bibi, Bibi. Nikamuuliza huko ukutani wanaona nini.

"Miguu yako," akasema. "Na mkeka, na kuku. Mwisho wa kanda, pale uliposahau kitufe. Hicho ndicho nilicholeta. Kingine hakijatoka kwangu. Mwalimu anauliza nimejuaje kwamba rangi nilizorudisha ni za kweli, nikamwambia mwenye miguu yuko hai, tumuulize."

Jamani. Uzito ulionitoka pale sijui niufananishe na nini. Nilikaa chini sakafuni na ungo wangu mapajani, mchele umemwagika, sikujali. Nikamjibu kwa heshima zote. Kuku alikuwa mwekundu, kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Mkeka ulikuwa na zambarau na kijani. Nikasikia anarudia kwa watu, na watu wanaitikia. Halafu akaniambia mwalimu anauliza, ule wekundu kwenye miguu ni hina au ni kosa la kompyuta.

"Mwambie ni vumbi la Msimbati," nikasema.

Nikasikia wanaume wanacheka, ukumbi mzima. Wacheke. Miguu yangu haina siri.

Baadaye alinieleza vizuri. Sehemu ya ngoma hakuipeleka kabisa kwenye kompyuta za chuo. Aliihamisha kutoka kwenye kanda wakiwa hosteli, pazia limefungwa, yeye na rafiki yake Neema, msichana wa Mbeya, Mkristo, ambaye alifunga simu yake kwenye begi bila kuambiwa. Kazi ya kufundisha kompyuta, makosa yote, majaribio yote, ilifanyika kwa miguu yangu na kuku, na sauti aliitoa ili asivujishe neno la mtu. Kompyuta ilipokwisha kujifunza koga ni lipi na kisigino ni kipi, ndipo aliporudi hosteli akaitumia kwa Mama Hadija. Kwa hiyo nyinyi mnaosoma picha vyuoni, mjue hivyo: kazi unaweza kuonyesha ukapewa alama zako, na mtu ukamwacha kwenye kitambaa chake. Yote mawili yanawezekana. Asiyetaka kuhangaika ndiye atakayekwambia haiwezekani.

Nilidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Rukia alikuja likizo na kompyuta yake ya kubeba. Tukafunga mlango wa chumbani kwangu, tukakaa kitandani mimi na yeye. Akabonyeza. Chenga zimeondoka. Taa yangu ile, ukuta wa makuti, Bi Sharifa akiwa bado na meno. Na Mama Hadija akatoka katikati, akatupa kanga, akaja mpaka karibu. Uso wake umesafishika kama sahani. Machozi yakanishuka, nikamshukuru Mungu, nikasema nipe viatu nitoke nikamtume mtu kwa Hadija sasa hivi.

Rukia hakuinuka. Alikuwa anairudisha nyuma, anaipeleka mbele, anairudisha.

"Bibi, nikuulize. Mama Hadija alikuwa na kitu mashavuni?"

Nikamwambia kitu gani.

"Niliiambia kompyuta ifute mikwaruzo, ikafuta. Nikalinganisha na ya mwanzo. Mkwaruzo wa kanda unakuwa kwenye picha moja halafu haupo, au unasimama pale pale hata mtu akihama. Hapa kuna mistari iliyogeuka naye. Alipogeuza shavu, nayo imegeuka."

Nikatazama tena. Mimi niliyemjua, niliyekula naye, nilimtazama rafiki yangu hana nembo zake na sikuona. Furaha ilinifunga macho. Mtoto ambaye hakuwahi kumwona ndiye aliyeshtuka.

Nikamweleza nembo ni nini. Nikamweleza soko, na watoto, na kanga mpaka machoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika mdomo.

"Nimefanya kama wale," akasema.

"Wale hawakurudi kuuliza. Wewe umeuliza. Washa hiyo kompyuta."

Alifanyia kazi hapo hapo mezani kwangu, siku nzima na nyingine, mimi namletea chai na muhogo. Alitenganisha: kinachokaa na kanda kiondoke, kinachogeuka na uso kibaki. Mara nyingine ananiita, huu wa hapa, wa kweli? Namwambia wa kweli. Na huu? Huo sijui, nimezeeka, usinitegemee. Basi anapima kwa picha za mbele na nyuma, anaamua. Mstari mmoja mmoja, nembo zikarudi usoni kwa mwenyewe.

Palibaki mahali pamoja, kitambo kidogo tu, koga limekula uso mzima na picha za jirani nazo zimeliwa. Akanionyesha kwamba siku hizi kompyuta inaweza kubuni. Ukiiachia, itachora uso hapo, na uso huo utatabasamu, na hakuna atakayejua.

"Niiache ibuni?"

"Ibuni nini?"

"Uso."

"Wa nani?"

Akaacha pale palivyo, kijivu, ngoma inaendelea kulia chini yake. Na nyinyi mkifika mahali kama hapo, muache. Mtu aliyempenda mama yake atavumilia tundu. Mama wa kuchorwa hana kazi naye.

Ijumaa baada ya swala nikamwita Hadija. Alikuja na binti yake, na wanawake wengine waliokuwepo harusini ambao bado tunao, kila mmoja anajifanya amekuja kunisalimu tu. Hamisi na wadogo zake nikawatoa wakae barazani. Simu zote nikazikusanya kwenye beseni nikalifunika kwa ungo, na aliyenung'unika nikamwambia mlango ule pale. Rukia akaunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni.

Sitaeleza yote. Ni ya ndani. Nitasema tu kwamba Mama Hadija alipoitupa kanga, Hadija alisogea mpaka kwenye kioo akapitisha kidole kwenye shavu la mama yake, mstari kwa mstari, akamwambia binti yake, "Huyu. Ona. Huyu ndiye." Binti akatazama, kisha akashika shavu lake mwenyewe, kama mtu anayetafuta kitu alichoachiwa. Lile tundu la kijivu lilipopita hakuna aliyeuliza.

Kisha ngoma ikaisha, ikaja miguu yangu.

Kicheko kilichotoka pale hata barazani walikisikia. Mama Visigino, wakaniita, hujatuacha. Mmoja akanyoosha mkono kuzima. Rukia akamzuia, akaongeza sauti, ile sauti ambayo kule ukumbini aliitoa. Ukaingia mkono pembeni mwa picha, mkono wa mwanamke wenye hina mpya, ukaweka sahani ya wali mbele ya miguu yangu. Punje zikadondoka, kuku akazifuata. Na sauti ya Mama Hadija ikasema, bila haraka, sauti ya kila siku ya mtu aliyeko nyumbani kwake:

"Kula, Mama Hamisi. Umesimama tangu asubuhi. Na huyu Hadija wangu mtazame, amekua jamani."

Hadija akakaa chini.

Miaka yote nilikuwa naionea aibu miguu ile. Nilitaka hata kuikata kwenye kanda mama, nikawa sina nafasi. Namshukuru Mungu kwa kukosa nafasi.

Hamisi akagonga mlango, anauliza kama tumemaliza, pilau linapoa. Nikamjibu nikiwa nimekaa: mwanaume asiguse mlango huo mpaka niite mwenyewe, na watakaokuwa na njaa wale kachumbari. Kisha nikamgeukia mjukuu wangu.

"Rukia, rudisha nyuma. Anzia kwenye miguu."